Uzi: Waliobeba afyuni kwenda China, wengi walikuwa madogo tu

Mlingoti

Wakuu habari zenu. Ule uzi wa Vita vya Afyuni, vile vya Uingereza na China vya 1839 hadi 1842, ulinoga, watu wamemwaga nondo kuhusu Lin Zexu, yule ofisa wa mfalme wa China aliyetumwa kukomesha afyuni, Waingereza na mizinga yao, ila kwa mabandiko yote yale hakuna aliyemgusa baharia. Afyuni haikujipeleka China. Kuna watu walikuwa juu ya mlingoti usiku wa mvua wanakunja tanga ili mzigo ufike, na wengi wao leo tungewaita wanafunzi. Nitaleta ninachokijua kwa vipande, mnivumilie.

Naanza na mmoja ambaye maisha yake yanafahamika vizuri: Robert Bennet Forbes, Mmarekani wa Boston, aliyezaliwa 1804. Baba yake alikuwa mfanyabiashara ambaye mambo yalimgomea. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Perkins, na hapo ndipo penye mchongo, maana wajomba zake walikuwa wakubwa wa biashara ya China. Thomas Handasyd Perkins na ndugu yake walikuwa na meli, walikuwa na ofisi Canton, bandari ya China ambayo leo ni Guangzhou, na walikuwa na shida moja: Boston ilitaka chai, hariri na vyombo vya kaure, lakini Boston haikuwa na kitu ambacho Mchina alikihitaji kiasi hicho. Malipo ilibidi yawe dola za Kihispania, fedha tupu, na fedha haikuwa rahisi kupatikana. Afyuni ya India ilikuwa imeshahodhiwa na Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki. Wamarekani wakageukia ya Uturuki: meli inapita Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, inapakia afyuni, inazunguka Afrika kwenda Canton.

Mwaka 1817 Forbes, akiwa na miaka 13, akapandishwa meli ya Canton Packet. Sanduku lake lilikuwa na nguo za baharini, Agano Jipya, kitabu cha hesabu za safari za majini na kifaa cha kupimia kimo cha jua. Mama akamwombea dua, safari ikaanza.

Akiwa na 16 alikuwa ofisa wa tatu. Akiwa na 20, nahodha. 26, ana meli yake. 28, ameachana na kazi ya ubaharia, ana hela.

Naendelea.

KijanaWaKeko

Nahodha miaka 20? Mimi nina 27 na bado naambatanisha vyeti kwenye maombi ya kazi. Weka siti ya mbele hapa.

Chachandu

Mkuu @Mlingoti usitupeleke kasi. Huyo dogo wa miaka 13 alikuwa anafanya nini hasa melini? Kufua?

Mlingoti

@Chachandu chochote anachoambiwa. Boi wa meli za matanga za wakati ule alisafisha kebini, alipeleka chakula, alilisha kuku na nguruwe waliobebwa kwa ajili ya meza ya maofisa, na alipanda mlingotini kama wengine. Zamu zilikuwa za saa nne nne, usiku na mchana, kwa hiyo usingizi wa kushiba ulikuwa wa kubahatisha. Chakula ni nyama ya chumvi na biskuti ngumu ambazo unazigonga kwanza wadudu watoke. Kutoka Boston mpaka Canton ni miezi minne au mitano ya maisha hayo.

Ila msimwonee huruma sana Forbes. Boi wa kawaida anapokosea anapigwa kamba. Boi ambaye mjomba wake ndiye mwenye meli anafundishwa. Jioni nahodha anamwita, anamwonyesha namna ya kutafuta latitudo, anamwambia andika kwenye daftari la safari. Miaka mitatu baadaye anajua kazi. Nahodha akitoka, nafasi ipo, na mjomba ndiye anayeijaza.

Na si yeye peke yake. Binamu yake, John Perkins Cushing, alipelekwa Canton 1803 akiwa na miaka 16 kama karani msaidizi. Bosi wake akaugua akafariki. Barua ya kuwajulisha wajomba Boston ilichukua miezi mingi kufika na majibu miezi mingine kurudi, na dogo katikati ya hapo alikuwa ameketi kwenye kiti cha bosi anaendesha ofisi. Walipopata habari waliona mahesabu yako sawa, wakamwacha hapo hapo. Alikaa Canton mpaka 1828 na kurudi Boston akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa mji.

Sasa turudi kwenye mzigo wenyewe, maana bila kuujua mzigo hutaelewa kazi ya baharia.

Afyuni bora ilitoka Bengal, Patna na Benares. Ile Kampuni ya India Mashariki ndiyo iliyosimamia kilimo, ikaipika, ikaifunga, halafu ikainadi Calcutta mnadani. Ikishanadiwa, Kampuni inanawa mikono. Meli zake yenyewe zilipigwa marufuku kubeba afyuni kwenda China, kwa sababu ilikuwa inanunua chai Canton na haikutaka kumuudhi mfalme. Wanunuzi binafsi ndio walioipeleka. Serikali ya China ilishaipiga marufuku tangu 1729, na mwishoni mwa karne ya 18 ikakaza zaidi. Kwa hiyo Calcutta ni mali halali yenye muhuri, ikifika China ni magendo. Sanduku lile lile.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, lina vyumba 40, safu mbili za ishirini ishirini, kila chumba donge moja. Donge linakaribia ukubwa wa dafu dogo, kilo moja na nusu hivi, limefunikwa ganda la petali za ua la afyuni zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka mpaka zikakauka na kuwa ngumu. Nafasi zilizobaki zilijazwa majani makavu ya mmea huo huo ili madonge yasigongane chombo kikiyumba. Sanduku zima lilikuwa na zaidi ya kilo 60 za mali. Harufu yake nzito. Baharia aliyelala juu ya shehena hiyo wiki kadhaa aliibeba kwenye nguo zake.

Nahodha Foromali

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Lamu, marehemu babangu alikuwa na jahazi. Mwanangu Mlingoti, umezungumza vyema lakini umeruka pepo. Hawa walitoka Calcutta kwenda China wakati gani? Maana kule nako wana kaskazi na kusi kama sisi. Ukitoka Singapore kupanda juu wakati wa kaskazi, upepo wakukabili usoni. Sisi tulikuwa tukingoja msimu ugeuke, hapakuwa na njia nyingine.

Mlingoti

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Zamani nao walingoja. Meli pana za mizigo zilitoka India wakati wa kusi, zikafika China, zikasubiri kaskazi izirudishe. Safari moja kwa mwaka. Lakini mnada wa Calcutta ulikuwa unaleta afyuni mpya mwanzoni mwa mwaka, kaskazi ikiwa imekaza, na wa kwanza kufika China ndiye aliyeuza kwa bei nzuri.

Nahodha mmoja Mwingereza, William Clifton, akaamua kujenga chombo cha kubisha, yaani kwenda kwa kukata pembe dhidi ya upepo, dhidi ya kaskazi. Kilijengwa Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Calcutta, kikashushwa majini 1829, kikaitwa Red Rover. Chembamba, kirefu, umbo lake lilifuata merikebu za Kimarekani zilizokuwa zikiwinda meli za Waingereza vitani. Tani 255 tu. Mwanzoni mwa 1830 kilitoka Calcutta, kikabisha Bahari ya China yote, kikafika, kikarudi, safari nzima chini ya miezi mitatu. Kikageuza tena. Safari tatu ndani ya mwaka mmoja, kitu ambacho watu walikuwa wanasema hakiwezekani.

Baada ya hapo kila tajiri alitaka klipa yake, yaani meli nyembamba ya kasi kama hiyo. Rustomjee Cowasjee, tajiri wa Kiparsi wa Calcutta, akashusha Sylph 1831. Kampuni ya Jardine Matheson baadaye ikanunua Falcon, iliyokuwa chombo cha anasa cha bwana mmoja mkubwa wa Uingereza, ikaondoa makochi ikaweka masanduku.

Sasa fikiria kubisha kwenyewe, wewe mzee unaijua. Chombo kimelala ubavu, maji yanapita juu ya sitaha, kila baada ya saa chache kinageuzwa upande, na kila kikigeuzwa watu wanakimbilia kamba gizani. Wiki baada ya wiki. Meli ya kawaida ikiona upepo umezidi inapunguza matanga, inatulia. Klipa ya afyuni haikutulia, nahodha alilipwa kwa kuwahi. Ndiyo maana zilikuwa na watu wengi kuliko ukubwa wake, na mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa meli za chai. Ndiyo maana pia zilipotea. Sylph ilipotea 1849. Red Rover ikapotea Ghuba ya Bengal 1853 na wote waliokuwemo.

Nahodha Foromali

Ahsante mwanangu. Kubisha wiki tatu nne na shehena ya thamani hivyo, si mchezo. Endelea.

Bint Kisauni

Wasee nimesoma mpaka hapa na swali langu ni moja. Kama China walikuwa wamepiga marufuku, mbona hawakuwakamata? Meli si sindano ati.

Mlingoti

@Bint Kisauni dada, hapo ndipo uhondo ulipo.

Mpaka 1821 meli zilikuwa zinaingia na afyuni mpaka Whampoa, bandari ya Canton yenyewe. Mwaka huo serikali ikabana kweli kweli, na wafanyabiashara wakahamisha mzigo kwenda Lintin, kisiwa kilichopo mdomoni mwa Mto Lulu, kati ya Macau na Hong Kong. Wakatia nanga meli za kudumu. Hizo hazikwenda popote, zilikuwa maghala. Tufani zikikaribia zinasogea Kumsingmoon kujificha, zikipita zinarudi.

Kazi ilikwenda hivi. Mnunuzi wa Kichina analipa Canton, ofisini, fedha inakaguliwa kipande kwa kipande na mtu anayejua dola bandia kwa kuitazama na kuigonga. Akishalipa anapewa karatasi. Karatasi inakwenda Lintin na mashua ndefu nyembamba, makasia hamsini sitini, watu wake walikuwa wanaziita kaa wepesi. Mashua inabana ubavuni mwa meli. Mabaharia wanapandisha masanduku kutoka chini, wanavunja vifuniko, wanatoa madonge, yanapimwa, yanahamishiwa kwenye vikapu na magunia ya ukili ambayo ni rahisi kubeba na kutupa. Makasia yanashuka majini, mashua imeondoka. Mbao za masanduku zinabaki melini.

Mchana kweupe, dada. Hakuna aliyevaa kinyago.

Na huko pwani ya kaskazini zaidi ilikuwa tamthilia kabisa. Kuna karani kijana wa Kimarekani, William Hunter, ambaye alipelekwa China 1825 akiwa na miaka kama 13 ili ajifunze Kichina. Mwaka 1837 alisafiri na skuna inayoitwa Rose kupeleka afyuni kisiwa cha Namoa. Walipotia nanga, hakuna mashua hata moja iliyosogea. Wote walikuwa wanamsubiri mkubwa. Mkubwa akaja, ameketi kwenye kiti ndani ya mashua yake, mwavuli wa hariri juu ya kichwa, watumishi wanampepea. Akakaribishwa kebini, akapewa mvinyo na sigara. Akauliza kwa nini wameingia hapo. Nahodha akajibu kwamba walikuwa wanatoka Singapore kwenda Canton, pepo na mikondo vimewasukuma, wanahitaji maji na chakula. Mkubwa akamwambia karani wake asome waraka mwekundu wa mfalme, unaosema meli za kigeni haziruhusiwi hapo, zikishapata mahitaji ziondoke mara moja.

Karani akamaliza kusoma, akakunja waraka. Mkubwa akawatoa watumishi nje, akauliza wana masanduku mangapi, na je, yote ni ya Namoa au mengine yanaendelea mbele?

Wakapatana chake. Akateremka na heshima zake zote. Baada ya hapo ndipo wanunuzi wakasogea, na magunia yenye alama na namba yalikuwa yameshapangwa sitahani yanawasubiri.

Bint Kisauni

Haki hii dunia 😂😂 yaani amesoma marufuku kwanza halafu akaitisha chai?

KijanaWaKeko

Kitu kidogo cha kimataifa. Na risiti alisomewa.

Mlingoti

Na kulikuwa na mtindo mwingine. Meli ikishauza na kung'oa nanga, manowari za China zinaifuata kwa mbali, zinapiga mizinga majini, zinarudi. Taarifa inakwenda juu: wageni wamefukuzwa. Kamanda mmoja wa jeshi la maji miaka hiyo ya 1830 alifika mahali pa kupatana na wauzaji wamwachie masanduku kadhaa kila shehena, ayapeleke serikalini kama mali aliyokamata. Akapandishwa cheo.

Matokeo yake ni haya: mwanzoni mwa miaka ya 1820 yaliingia masanduku elfu nne hadi tano kwa mwaka. Ilipofika msimu wa 1838 yalikaribia 40,000.

mkataa_pema

Mleta mada naomba nikupinge. Unawasimulia hawa kama mashujaa wa baharini, mara kubisha, mara klipa, mara miaka 20 nahodha. Hawa ni wauza unga. Tungekuwa tunazungumzia kijana wa Kinondoni aliyekamatwa uwanja wa ndege na kete tumboni ungemwita kijana mwenye bidii? Mamilioni ya Wachina waliharibika.

Mlingoti

@mkataa_pema pingamizi limepokelewa, na sikukatalii kwamba ni wauza unga. Lakini soma vizuri ninachokisema. Kijana wa kete anajua anaficha. Forbes hakuficha. Alikuwa anaandika barua nyumbani, kanisani anakwenda, meli imepakwa rangi, vitabu vya hesabu viko sawa. Hilo ndilo linalonishtua mimi. Karibu kila mtu mwenye heshima aliyemzunguka alikuwa anaishi kwa biashara hiyo: wajomba, binamu, kaka. Kaka yake Thomas ndiye aliyeshika ofisi baada ya Cushing, akazama kwenye tufani karibu na Macau, Agosti 1829. Robert akaja kujaza pengo, na 1830 akatia nanga Lintin na meli iliyopewa jina la kisiwa chenyewe. Miaka miwili alikuwa bosi wa ghala la afyuni linaloelea. Hapo ndipo hela yake ilipopatikana, siyo kwenye ubaharia. Akarudi, akamjengea mama yake nyumba nzuri kilimani Milton, nje ya Boston. Ipo mpaka leo, ni makumbusho.

Hata kanisa lilipanda melini. Mwaka 1832 Sylph iliondoka kwenda pwani ya kaskazini ya China, mkalimani wake akiwa mmishenari wa Kijerumani, Karl Gützlaff. William Jardine, mmoja wa wenye ile kampuni ya Jardine Matheson, alimhitaji kwa sababu alijua Kichina, na Gützlaff alihitaji usafiri. Kwa hiyo upande mmoja wa meli yanateremshwa masanduku, upande mwingine mchungaji anagawa vijitabu vya injili na dawa za macho. Jardine mwenyewe alianza akiwa kijana wa miaka 18, msaidizi wa daktari kwenye meli ya Kampuni mwaka 1802. Wafanyakazi wa meli hizo waliruhusiwa nafasi ndogo ya mzigo wao binafsi, na daktari kijana akagundua kwamba ile nafasi ina faida kuliko mshahara wa kutibu watu.

Na si kwamba kila kijana alifanikiwa. Ngoja nikupe wa upande wa pili.

Septemba 1821, Whampoa. Meli ya Kimarekani inaitwa Emily, kutoka Baltimore, ina afyuni ndani. Baharia mmoja anaitwa Francis Terranova, mtu wa Sicily. Mama mmoja muuza matunda amekuja na mashua yake ubavuni mwa meli, kama walivyokuja kila siku. Mtungi ukatoka melini ukashuka. Wachina wakasema ulimpiga kichwani akaanguka majini akafa. Wamarekani wakasema mtungi aliupokea vizuri, alianguka mwenyewe. Kesi ikasikilizwa juu ya sitaha ya Emily, mashahidi wa utetezi hawakupewa nafasi ya maana. Maofisa wa China wakasimamisha biashara yote ya Wamarekani mpaka mtu huyo atolewe.

Unadhani walimtetea mpaka lini? Chai ilikuwa inasubiri. Nahodha na wafanyabiashara wakasema hawamkabidhi kwa hiari, ila wakija kumchukua hawatapigana. Wakaja, wakamchukua. Akahukumiwa pasipo Mmarekani yeyote kuwepo, akanyongwa mwezi Oktoba. Mwili ukarudishwa melini na biashara ikafunguliwa.

Terranova hakuwa na mjomba.

mkataa_pema

Hapo sawa, nimekuelewa. Ila neno wauza unga silifuti.

Mlingoti

Usilifute.

Ras Mkumbi

Uzi mtamu. Swali: hizi klipa za Calcutta wafanyakazi wake walikuwa Wazungu watupu? Maana babu yetu mmoja kwenye ukoo inasemekana aliondoka Unguja na meli ya Wahindi asirudi.

Mlingoti

Wazungu watupu hata kidogo. Maofisa ndio Wazungu. Mabaharia walikuwa malaskari: Wabengali, watu wa Chittagong, Gujarat, na kwenye usukani mara nyingi waliwekwa watu wa Manila, Ufilipino, walisifika kwa kushika chombo. Laskari hakuajiriwa na nahodha moja kwa moja. Kule Calcutta kulikuwa na wakala aliyeitwa serahangi wa gati. Anawakopesha vijana kutoka vijijini, anawalaza, anawalisha, halafu meli ikitafuta watu anawapeleka na kuchukua malipo yao ya awali kufidia deni. Kijana anapanda chombo ameshakula mshahara wa miezi ambayo hajafanya kazi. Wakishapanda, wanakuwa chini ya serahangi wa melini, wana mpishi wao, wali wao na samaki mkavu, na mshahara wao ni sehemu tu ya ule anaopata Mzungu anayevuta kamba ile ile.

Hao ndio waliovunja vifuniko Lintin. Hao ndio waliokufa wengi pia. Mwaka 1847 vyombo viwili vya afyuni, Caroline na Omega, vilivamiwa na maharamia ghuba ya Chimmo, vikaporwa na mabaharia wakauawa.

Nahodha Foromali

Na kwa hilo la watu wa kwetu, Ras Mkumbi, ukweli ni kwamba vyombo vya Bahari ya Hindi vilikuwa vikichukua watu wa pwani hii tangu zamani. Waliitwa Sidi. Baadaye manowari za Waingereza zikawaandika hapa Unguja, Aden na Bombay, wengi wakitiwa kwenye makaa ya moto huko chini. Babu yako si wa kwanza. Na hao Wamarekani wa upande wa Boston na Salem, ndio hao hao waliokuja Unguja na merikani, wakachukua pembe na gundi ya sandarusi.

Chachandu

Basi tumalizie huyu Forbes. Vita vilipoanza alikuwa wapi?

Mlingoti

Alirudi China. Mwaka 1837 uchumi wa Marekani ulianguka na hela zake nyingi zikaondoka nao, kwa hiyo 1838 akapanda tena meli, safari hii kwenda kuwa bosi wa Russell & Company, kampuni kubwa kuliko zote za Kimarekani Canton. Mwenzake mle ndani alikuwa Warren Delano, babu mzaa mama wa rais Franklin Delano Roosevelt.

Machi 1839 Lin Zexu akawafungia wageni wote kwenye majengo yao mpaka watoe afyuni. Yakatoka masanduku 20,283, pamoja na ya Russell. Kuanzia tarehe 3 Juni yalimwagwa kwenye mashimo kule Humen, yakachanganywa na maji, chumvi na chokaa, yakafunguliwa kwenda baharini. Ilichukua wiki tatu. Waingereza wakaondoka Canton na kumtaka Forbes aondoke nao ili Wachina waishiwe wateja. Akagoma, akawajibu kwamba hakuja China kutafuta afya wala starehe, atabaki mpaka akose cha kuuza na cha kununua. Akakaa, na meli za Kimarekani zikavuna fedha kwa kubeba mizigo ya Waingereza hao hao kutoka Hong Kong kwenda Canton.

Mwaka 1847 njaa ilipoipiga Ireland, serikali ya Marekani ikaazimisha manowari yake, Jamestown, ikabebeshwa tani kama 800 za chakula kutoka Boston. Nahodha wa kujitolea alikuwa Forbes. Wairish walimpokea Cork kama malaika.

mkataa_pema

Malaika na hela ya afyuni mfukoni.

KijanaWaKeko

Swali la mwisho mkuu halafu nilale. Yule laskari, dogo wa Chittagong, naye akijituma anaweza kufika wapi? Maana wa Boston tumeshaona.

Mlingoti

Anaanza laskari wa kawaida. Akijua kazi anakuwa tindali, msaidizi. Akikaa sana, na akiwa na watu wa kijiji chake nyuma yake, anakuwa serahangi, anaongoza kundi zima. Anaweza kuwa amevuka Bahari ya China mara nyingi kuliko nahodha.

Anaishia hapo. Sheria ya Uingereza ya 1823 ilisema laskari si baharia wa Kiingereza hata kama amezaliwa chini ya bendera ya Uingereza. Serahangi wa miaka hamsini akiwa zamuni, anayempa amri ni ofisa wa tatu, na ofisa wa tatu nimeshasema huko juu anaweza kuwa na miaka mingapi.

KijanaWaKeko

16. Usiku mwema wakuu.